Mekatilili: Mjane aliyeitwa mchawi, leo ni shujaa wa Pwani

JINA la Mekatilili wa Menza hutajwa kwa fahari miongoni mwa Wamijikenda leo, kuanzia Junju na Chonyi upande wa kusini wa Kilifi hadi Ganze na Magarini. Hata hivyo, enzi za uhai wake wakoloni walimwita mchawi, kwani hawakuamini kuwa mwanamke angeweza kuwaongoza wanaume kwa akili zake tu.

Alizaliwa karibu na katikati ya karne ya 19 katika eneo la Bamba, Ganze, akapewa jina la Mnyazi. Alikuwa binti pekee kati ya ndugu wa kiume. Masimulizi ya wazee yanaeleza kuwa kaka yake, Mwarandu, alitekwa na wafanyabiashara wa watumwa naye akishuhudia, na hakuonekana tena. Baadaye aliolewa na Dyeka wa Duka, na alipojifungua Katilili akaanza kuitwa Mekatilili, yaani mama yake Katilili.

Enzi hizo, mambo makuu ya Wagiriama yaliamuliwa na kambi, baraza la wazee wa kiume. Mke wa mtu hakutarajiwa kuhutubia hadhara. Hata hivyo, mila hiyo hiyo ilimwachia mwanamke nafasi zake. Wanawake walikuwa na kiapo chao, mukushekushe, na mjane mwenye umri aliweza kusema ambayo mke kijana asingethubutu kuyatamka.

Kufikia mwaka wa 1913, Mekatilili alikuwa mjane. Serikali ya Uingereza, kupitia kwa ofisa wake Arthur Champion, ilikuwa ikidai kodi ya nyumba na kuwataka vijana wa Kigiriama wakafanye kazi katika mashamba ya wageni.

Mekatilili alizunguka vijijini akicheza kifudu, ngoma ya matanga, na watu wakamfuata kwa maelfu. Mnamo Julai 1913 umati ulikusanyika Kaya Fungo, ambako wanawake walikula kiapo cha mukushekushe nao wanaume wakala kile cha fisi, wote wakiapa kutoshirikiana na Mzungu. Hakuvunja desturi ili asikike. Alitumia milango ambayo desturi yenyewe ilikuwa imemfungulia.

Oktoba mwaka huo alikamatwa pamoja na mwenzake, Wanje wa Mwadorikola, wakapelekwa Kisii, upande wa pili wa nchi. Januari 1914 walitoroka na kurejea kwao kwa miguu. Agosti 1914 Waingereza waliilipua Kaya Fungo kwa baruti, vita vikazuka, na Mekatilili akakamatwa tena. Aliachiliwa mwaka wa 1919, na katika kaya akawa kiongozi wa baraza la wanawake huku Wanje akiongoza lile la wanaume. Alifariki katikati ya miaka ya 1920 na kuzikwa Bungale, Magarini.

Inadhaniwa mara nyingi kuwa mila ndiyo iliyomfunga mwanamke wa Pwani na kwamba serikali za kisasa ndizo zilizomfungua. Maisha ya Mekatilili yanaonyesha mambo hayakuwa mepesi hivyo. Machifu walioteuliwa na mkoloni walikuwa wanaume, na sauti ambazo wanawake walikuwa nazo katika kaya hazikupata kiti katika afisi za serikali.

Miongo mingi ilipita kabla ya mlango huo kuanza kufunguka. Mwaka wa 2010 sanamu ya Mekatilili ilisimamishwa mjini Malindi, na mwaka huo huo Katiba mpya ikaamuru kuwa jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika nyadhifa za umma. Mnamo 2022 Kilifi ilipata naibu gavana mwanamke, Flora Mbetsa Chibule.

Lakini kazi haijaisha. Katika kaunti hiyo hiyo, wazee wa kike na wa kiume wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingi chanzo kikiwa mzozo wa ardhi katika familia. Mjane anayedai shamba la marehemu mumewe angali anaweza kubandikwa jina lile lile alilobandikwa Mekatilili. Kumheshimu shujaa huyo ni zaidi ya kuipamba sanamu yake kila mwaka. Ni kumsikiliza ajuza wa kijijini anaposimama kusema.