Roberto wa Molesme

Roberto wa Molesme (Champagne, leo nchini Ufaransa, 1028 hivi – Molesme, 17 Aprili 1111) alikuwa padri mmonaki na abati, mwanzilishi wa monasteri mbili: Molesme (1075) na Citeaux (1098). Ya pili ndiyo chimbuko la Shirika la Citeaux, lililoenea Ulaya nzima katika Karne za Kati, ingawa yeye mwenyewe aliiongoza kwa muda wa mwaka mmoja tu.

Anaheshimiwa na Kanisa Katoliki kama mtakatifu.

Maisha

Mwanzo wa utawa

Roberto alizaliwa katika familia ya kikabaila. Akiwa na umri wa miaka 15 hivi alijiunga na Wabenedikto wa Moutier-la-Celle, karibu na mji wa Troyes, akawa priori wao. Baadaye alichaguliwa kuwa abati wa Tonnerre, lakini wamonaki wa huko hawakukubali kurekebishwa, hivyo akaondoka.

Wakati huo wakaapweke wa msitu wa Collan walimuomba awaongoze. Mwaka 1075 alihamia pamoja nao Molesme, katika jimbo la Langres, wakajenga vibanda vya matawi na kanisa dogo.

Utajiri wa Molesme

Mwanzoni waliishi kwa ufukara mkubwa. Hata Bruno, aliyeanzisha baadaye Wakartusi, alikaa kwa muda chini ya uongozi wa Roberto. Lakini sifa zao zilivuta makabaila waliotoa mashamba, makanisa na mafungu ya kumi. Kadiri mali ilivyoongezeka, kazi za mikono ziliachiwa watumishi, na wamonaki wakabaki na ibada ndefu. Roberto na wachache walitaka kufuata Kanuni ya Benedikto kikamilifu, yaani kugawa siku kati ya sala, masomo na kazi. Wengi waliona desturi zilizozoeleka zinatosha.

Kuhamia Citeaux

Baada ya kupata ruhusa ya Hugo, askofu mkuu wa Lyon na balozi wa Papa, Roberto aliondoka na wamonaki 21, wakiwemo Alberiki na Stefano Harding, Mwingereza. Tarehe 21 Machi 1098 walianza maisha mapya Citeaux, kusini mwa Dijon, mahali pa misitu na maji yaliyotuama.

Kurudishwa Molesme

Wamonaki waliobaki Molesme walimlalamikia Papa Urbano II kwamba wameachwa bila baba. Papa alimuagiza Hugo kushughulikia suala hilo, na mwaka 1099 iliamuliwa kwamba Roberto arudi. Wamonaki wa Citeaux waliachiwa wachague kubaki au kurudi naye, na baadhi yao walirudi. Vitu vya kanisa vilibaki Citeaux, isipokuwa kitabu kimoja cha sala, ambacho waliruhusiwa kukaa nacho hadi sikukuu ya Yohane Mbatizaji ili wakinakili.

Roberto alitii. Aliongoza Molesme hadi kifo chake, miaka 12 baadaye.

Urithi

Citeaux haikufa. Alberiki aliifanya imara, na chini yake wamonaki waliacha kanzu nyeusi wakavaa za sufu isiyotiwa rangi. Stefano Harding, abati wa tatu, aliandaa Hati ya Upendo, iliyothibitishwa na Papa Kalisto II mwaka 1119: kila monasteri ilijitegemea kimapato, lakini abati wake alikaguliwa kila mwaka na kuhudhuria mkutano mkuu Citeaux. Bernardo wa Clairvaux alijiunga baada ya Roberto kufariki. Alipofariki yeye mwaka 1153, monasteri zilikuwa zaidi ya 300.

Monasteri ya Citeaux ilifungwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, lakini tangu mwaka 1898 wanaishi humo Watrapisti, tawi la shirika hilohilo. Mwaka 1956 tawi hilo lilianzisha monasteri huko Lumbwa, nchini Kenya.

Heshima baada ya kifo

Papa Honori III alithibitisha heshima yake kama mtakatifu mwaka 1222. Sikukuu yake huadhimishwa tarehe ya kifo chake, 17 Aprili, lakini wamonaki wa Citeaux humkumbuka tarehe 26 Januari pamoja na Alberiki na Stefano.