Habari za Elijah Masinde, Mtu wa Kimilili

Katika vita kuu ya 1939 hata 1945 serikali ziliwaita watu kwa nguvu, wengine kushika bunduki, wengine kushika jembe. Katika Tanganyika ya siku zile watu walitolewa kwa amri kwenda kwenye mashamba ya mkonge na ya mpira, nasi wa Shinyanga na Geita twaelewa maana ya kuitwa kazini bila kuulizwa. Basi leo twapenda kuwaletea wasomaji habari za mtu mmoja wa nchi jirani aliyekataa wito wa namna hiyo, na jinsi alivyotendewa.

Elijah Masinde alizaliwa karibu na mwaka 1910 huko Kimilili, katika nchi ya Wabukusu, chini ya Mlima Elgon. Wamisionari wa Marafiki, ambao wengine huwaita Wakweka, walikuwa wamefika Kaimosi kutoka Marekani mwaka 1902, na mafundisho yao yakaenea hata Kimilili. Masinde akajifunza kwao, akahesabiwa miongoni mwao. Tena alikuwa mchezaji hodari wa mpira, hata akaichezea Kenya.

Marafiki wanalo fundisho moja lililowapatia sifa na mateso pia, kwamba mtu asishike silaha kumwua mwenziwe, hata mfalme akiamuru. Uingereza ilipotunga sheria ya kuwatia watu jeshini mwaka 1916, wengi wao walifungwa. Watu 35 waliokataa vita, na Marafiki miongoni mwao, walihukumiwa kufa huko Ufaransa, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha miaka 10. Hata hivyo sheria ile, na ile ya 1939 baada yake, ziliweka mabaraza ya kumsikiliza mtu asemaye kwamba dhamiri yake yamkataza. Mara nyingi mabaraza hayo yalikuwa makali, lakini yalikuwapo.

Masinde hakudumu na Marafiki. Katika miaka ya 1930 alioa mke wa pili, akatengwa na kanisa. Hata ilipofika vita, yeye na wenzake walikuwa wakihubiri Dini ya Msambwa, yaani kurudia mila za mababu, na kwamba Wazungu waondoke. Mwaka 1942 serikali ya Kenya ikaweka amri ya kuwapeleka Waafrika kwa lazima katika mashamba ya walowezi. Masinde akakataa, akawashawishi na wengine wakatae. Mwaka 1944 ugomvi ukazuka, na mtu wa chifu aliyetumwa kwake akapigwa. Masinde akakamatwa, na mwaka 1945 akapelekwa Mathari, Nairobi, katika hospitali ya wenye wazimu. Akakaa huko hata mwaka 1947.

Hapo twaomba msomaji atue kidogo. Hatusemi kwamba Masinde alikuwa mtu wa amani kama walivyofundisha Marafiki. Mkono uliinuliwa, na jambo hilo hatulifichi. Lakini kule Uingereza aliyekataa aliulizwa sababu yake mbele ya baraza. Kimilili hapakuwa na baraza la dhamiri. Aliyekataa alihesabiwa mhalifu, kisha mwenda wazimu, na mwenda wazimu haulizwi sababu.

Je, hospitali ile iliyazima mambo yake? La. Alipotoka mwaka 1947 akakusanya watu wengi mlimani Chetambe, mahali Wabukusu walipouawa na majeshi ya Waingereza mwaka 1895. Mwezi wa Februari 1948 askari walipiga risasi umati wa watu wake huko Malakisi, wakafa 11. Dini yake ikapigwa marufuku, naye akakamatwa na kuhamishwa mbali na kwao kwa zaidi ya miaka 10. Kenya ilipata uhuru mwaka 1963, lakini serikali mpya nayo ilimfunga mara kadhaa. Akafa mwaka 1987.

Twawaandikia hasa walimu wa mitaa, kwa kuwa wao ndio wanaoletewa watu wagumu. Mtu akikataa agizo, la serikali au la wazee wa kanisa, ni vyepesi kusema kwamba ana kiburi au amerukwa na akili. Kwanza aitwe, aketi, aulizwe sababu, na maneno yake yasikilizwe mpaka mwisho. Huenda ikaonekana amekosa, naye aonywe. Lakini tusimhukumu mtu ambaye hatujamwuliza.