William Osler: Daktari aliyewaingiza wanafunzi wodini

Mwishoni mwa karne ya 19, mwanafunzi wa udaktari nchini Marekani aliweza kuhitimu bila kuwahi kumpima mgonjwa hata mmoja kwa mikono yake. Elimu yake ilitokana na vitabu na mihadhara aliyoisikiliza akiwa ameketi ukumbini. Makosa ya kujifunza aliyafanya baadaye, kwa wagonjwa wake mwenyewe, pasipo mwalimu wa kumsahihisha. Miongoni mwa waliofanya kazi kubwa ya kuubadili utaratibu huo ni Sir William Osler.

Osler alizaliwa Julai 12, 1849, huko Bond Head, Ontario, nchini Kanada, akiwa mtoto wa mchungaji wa Kianglikana. Awali alikusudia kufuata nyayo za baba yake, lakini aligeukia udaktari na kuhitimu katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 1872. Baada ya masomo zaidi London, Berlin na Vienna, alirejea McGill kufundisha mwaka 1874. Huko alichunguza mamia ya maiti, akilinganisha dalili zilizoonekana wodini na chanzo halisi cha kifo. Mwaka 1884 alihamia Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1889 akawa daktari bingwa mkuu wa kwanza wa Hospitali ya Johns Hopkins, jijini Baltimore.

Shule ya udaktari ya Johns Hopkins ilipofunguliwa mwaka 1893, ikipokea wanaume na wanawake, Osler alipata fursa ya kuitekeleza imani yake kwamba mgonjwa ndiye kitabu cha kwanza cha daktari. Wanafunzi wa mwaka wa tatu walianzia kwa wagonjwa wa nje. Walifundishwa kuuliza historia ya ugonjwa, kutazama, kupapasa, kugonga kifua kwa vidole na kusikiliza moyo na mapafu, kisha kupima damu na mkojo kwa hadubini. Walipofika mwaka wa nne walikabidhiwa vitanda wodini. Kila mmoja aliwafuatilia wagonjwa wake siku hadi siku, na mwalimu alipopita alieleza hali zao na kusahihishwa papo hapo.

Utaratibu huo ulimlinda mgonjwa pia, kwa kuwa mwanafunzi alifanya kazi chini ya uangalizi na hakuachwa kujaribu peke yake. Osler mwenyewe alisifika kwa upole, na wanafunzi walijifunza kwake namna ya kuzungumza na mtu aliyelala kitandani akiwa na hofu. Kitabu chake cha mafunzo ya tiba, kilichochapishwa mwaka 1892, kilienea katika nchi nyingi.

Mwaka 1905 alihamia Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, na mwaka 1911 akapewa cheo cha heshima na Mfalme. Majonzi makubwa yalimfika mwaka 1917, mwanawe Revere alipouawa vitani nchini Ubelgiji. Osler alifariki dunia Oxford, Desemba 29, 1919, akiwa na umri wa miaka 70. Maktaba yake aliiachia McGill.

Pamoja na vyeo na maandishi yake mengi, jambo alilotaka akumbukwe kwalo lilikuwa moja: kwamba aliwafundisha wanafunzi wa udaktari wodini. Leo, zoezi la mwanafunzi kusimama kando ya kitanda na kueleza hali ya mgonjwa mbele ya mwalimu wake ni sehemu ya kawaida ya mafunzo ya udaktari duniani.