Armand Denis, mwanakemia aliyeshika kamera

Watu wengi wa Ulaya walimufahamu Armand Denis kama mzee wa wanyama kwenye televisheni. Wachache walijua kama feza yake ya kuanzia sinema ilitoka mu redio.

Alizaliwa Brussels, Ubelgiji, mwaka 1896. Wakati wa vita kubwa ya kwanza alikimbilia Uingereza, akasoma kemia kule Oxford. Baadaye, akiwa Marekani, alivumbua namna ya kufanya sauti ya redio ijirekebishe yenyewe, isipande wala kushuka ovyo. Feza ya uvumbuzi huo ikamuwezesha kuacha maabara na kushika kamera.

Alikuja kupiga picha Kongo, wakati wa ukoloni. Mwaka 1938 filamu yake Dark Rapture ikaonyeshwa Marekani: Bambuti wakijenga daraja la kamba za pori juu ya mto. Ilikuwa Kongo iliyosimuliwa na mugeni kwa wageni.

Kuanzia 1954, yeye na bibi yake Michaela walionekana kwenye BBC na wanyama wa Afrika. Alifariki Nairobi mwaka 1971.

Sayansi na sinema, alizounganisha mwenyewe, leo zinafundishwa pamoja kwa wenye kumaliza lisansi, kama kule Montana State, Marekani. Na mbuga ya Upemba, iliyoundwa 1939, ingali na punda milia wa mwisho wa inchi yetu. Kijana wa Kamina anaweza kuwasimulia kwa Kiluba, bila kungojea mugeni.