Clara Schumann: Mpiga piano aliyelisha watoto saba kwa vidole vyake

Kabla ya noti za euro kuanza kutumika mwaka 2002, Wajerumani walibeba mifukoni mwao sura ya mwanamke mmoja kwenye noti ya mark 100. Upande wa pili wa noti hiyo ulichorwa piano. Mwanamke huyo ni Clara Schumann, mmoja wa wapiga piano mahiri kabisa wa karne ya 19.

Alizaliwa mjini Leipzig Septemba 13, 1819, kwa jina la Clara Wieck. Wazazi wake walitengana akiwa mdogo, naye akabaki kwa baba yake, Friedrich Wieck, mwalimu wa piano aliyesifika kwa ukali. Hata hivyo, Wieck hakumkalisha bintiye mbele ya piano kutwa nzima. Masomo na mazoezi yalitengewa saa chache tu kwa siku, na matembezi marefu yalikuwa sehemu ya ratiba.

Akiwa na miaka tisa alipanda jukwaa la ukumbi wa Gewandhaus. Akiwa na miaka 16 alipiga humo utunzi wake mwenyewe wa piano na okestra, Felix Mendelssohn akiiongoza okestra hiyo.

Hadhira ya Ulaya ya zama hizo ilipenda kustaajabishwa: vidole vinavyokimbia kama umeme, mikono inayoruka kutoka ncha moja ya piano hadi nyingine. Clara aliyaweza hayo yote, na ndiyo yaliyomjengea jina. Lakini kadiri alivyokomaa aliyapunguza, akawapa nafasi Bach, Beethoven na Chopin. Ugumu wa kazi zao nyingi hauonekani kwa macho. Sauti kadhaa husafiri pamoja ndani ya mikono miwili, na kila moja haina budi kusikika bila kuimeza nyenzake. Alikuwa pia miongoni mwa wapiga piano wa mwanzo kucheza hadharani kwa kumbukumbu, bila karatasi ya nota mbele yao.

Alimpenda Robert Schumann, mwanafunzi wa baba yake, aliyeumia mkono na kugeukia utunzi. Wieck alipinga ndoa hiyo hadi shauri likafika mahakamani. Wapenzi hao walishinda, wakaoana Septemba 12, 1840, siku moja kabla ya Clara kutimiza miaka 21. Walijaliwa watoto wanane, mmoja akafariki akiwa mchanga.

Februari 1854, Robert, aliyekuwa akisumbuliwa na maradhi ya akili, alijitupa katika mto Rhine. Aliokolewa na kupelekwa katika hospitali ya Endenich, karibu na Bonn. Clara alikuwa mjamzito. Kwa zaidi ya miaka miwili madaktari hawakumruhusu kumwona mumewe. Alimwona siku mbili tu kabla ya kifo chake, Julai 29, 1856.

Marafiki walijitolea kumsaidia kwa fedha, lakini Clara aliamua kurejea jukwaani. Alizunguka Ujerumani, Austria, Uingereza na Urusi, huku watoto wakilelewa na jamaa, wasaidizi na shule za bweni. Gharama nyingine ilikuwa utunzi wake, ambao aliuacha karibu kabisa, huku akizitangaza kazi za mumewe katika kila mji.

Maumivu ya mkono yalimlazimisha kusimama mara kwa mara, na kila alipopata nafuu alirudi kwenye piano. Kuanzia mwaka 1878 alifundisha katika chuo cha muziki cha Hoch mjini Frankfurt, ambako wanafunzi walimfuata kutoka nchi mbalimbali. Alipiga mbele ya hadhira kwa mara ya mwisho mwaka 1891.

Clara Schumann alifariki dunia Mei 20, 1896, akazikwa Bonn kando ya mumewe. Ratiba zilizochapishwa za maonesho yake, takriban 1,300, zimehifadhiwa hadi leo, na tungo alizoziacha njiani zinapigwa tena katika kumbi za dunia.