Maisha ya Marie Curie, mama wa radiumu

Katika somo la shimi sisi wa mwaka wa sita hapa Katanika tumeandika sifa za vitu katika safu mbili: huku rangi, uzito, kuyeyuka, huku kuungua, kupata kutu, kupigana na asidi. Wengi tuliziimba tu kwa ajili ya mtihani. Basi leo tunaleta habari za mama mmoja aliyesumbuka na safu hizo kwa miaka.

Maria Skłodowska alizaliwa Warsaw, Polonia, mwaka 1867. Baba yake alikuwa mwalimu wa fizika na hesabu. Mama alikufa Maria akiwa na miaka 10. Warusi walitawala kule, na univasite haikupokea wanawake. Akafanya kazi ya kufundisha watoto katika nyumba za watu, apate kulipia masomo ya dada yake huko Paris. Zamu yake ikafika 1891. Mwaka 1895 aliolewa na Pierre Curie.

Mwaka 1898 walitangaza elementi mbili mpya, poloniumu na radiumu. Lakini radiumu yenyewe nani ameiona? Iko kidogo sana ndani ya mawe ya uraniumu, tena imejificha pamoja na bariumu. Hapo ndipo palikuwa na shida: kwa sifa za kishimi hao wawili ni kama mapacha. Ukitia asidi ya salfa, wote wanazama chini pamoja. Safu moja ikashindwa. Ikabaki ile nyingine: kloridi ya radiumu inayeyuka katika maji kidogo kuliko ya bariumu. Basi mama alichemsha, akapoza, akaokota fuwele zilizotangulia, akarudia, akarudia tena, ndani ya kibanda kibovu. Mwaka 1902, baada ya tani za mawe, akapata kama sehemu moja ya kumi ya gramu. Chumvi ya kutia katika yai inaipita!

Zawadi ya Nobel alipata 1903 na tena 1911. Katikati yake, 1906, Pierre alikanyagwa na gari la farasi, akafa.

Kwetu je? Mwaka 1915 mawe ya uraniumu yalionekana Shinkolobwe, karibu na Likasi, katika ile Katanga iliyogawanywa 2015, ambayo mji wetu ulikuwa ndani yake. Toka 1922 Wabelgiji walitoa radiumu yake huko Olen, na bei ikaanguka. Mwaka 1924 jiwe moja la manjano la Shinkolobwe liliitwa sklodowskiti, kwa jina la mama huyu. Wale waliolichimba, jiwe lenye majina yao sisi hatujaliona.

Kutoa mionzi hakumo katika safu zetu: choma radiumu, yeyusha, iunganishe na kloro, mionzi iko palepale. Mkono hausikii, pua hainusi. Marie aliibeba mfukoni. Alikufa 1934 kwa ugonjwa wa damu, miaka 66. Madaftari yake yako Paris ndani ya masanduku ya risasi, na anayetaka kuyasoma anatia sahihi kwanza.