Siti binti Saad: Muuza vyungu aliyeipeleka taarabu ya Kiswahili kwenye santuri

Kabla hajawa nyota, alikuwa anauza vyungu. Anatoka Fumba, kusini mwa Unguja, anavipeleka mjini, na njiani anaita wateja kwa sauti. Sauti hiyo ndiyo iliyokuja kumtoa.

Alizaliwa karibu mwaka 1880. Wazazi wake walikuwa watu wa bara, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, waliotokea utumwani, na mtoto wao wakamwita Mtumwa. Siti, yaani bibi wa heshima, ni jina alilolipata baadaye ukubwani.

Kwa msomaji aliyepo Kilindoni au Chole: enzi hizo Mafia nayo ilikuwa chini ya Sultani huyohuyo wa Unguja. Ni mwaka 1890 tu ndipo kisiwa kilipoangukia kwa Wajerumani.

Siti alihamia mjini mwaka 1911. Hakusoma shule, na ndoa yake ilikuwa imeshavunjika. Huko akakutana na Ali Muhsin, aliyemfundisha kuimba na kupiga udi. Kisha akaungana na kina Mbaruku, Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo na Mwalimu Shaaban, na kundi likakamilika.

Hapa ndipo mambo yalipobadilika. Taarabu ilikuwa burudani ya kasri, na ikiimbwa Kiarabu. Siti akaiimba Kiswahili. Aliitwa kwa wakubwa, lakini nyumbani kwake Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida, ndiko mazoezi yalikofanyika na majirani wakajaa kusikiliza. Kiingilio hakuna, ukumbi ni nyumba yenyewe.

Wapinzani wake hawakumwacha. Walimtungia nyimbo za kumcheka kwamba hana sura, na asili yake ni ya chini. Naye akawajibu kwa wimbo, akiweka akili na sauti mbele ya sura. Kwa lugha ya leo, hiyo ni diss, na alishinda.

Lakini kazi yake nzito ipo kwenye Kijiti. Wimbo huo unasimulia tukio la kweli: mwanamke mjamzito, mgeni kutoka bara, aliuawa Unguja baada ya kutolewa kwenda kwenye starehe. Mtuhumiwa akakimbilia bara. Mahakamani, rungu likawaangukia wanawake waliokwenda kutoa ushahidi, kwa kosa la pombe. Siti aliliimba hilo waziwazi, chini ya serikali ya kikoloni, wakati wengi walikuwa wananong'ona tu.

Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi na kampuni ya HMV. Wanamuziki wa Afrika Mashariki waliokuwa wamefika studio walikuwa wa kuhesabu, sembuse mwanamke. Santuri zikauzwa pwani nzima, na watu ambao hawajawahi kumwona wakaijua sauti yake.

Bi Kidude, aliyefariki 2013, naye alijifunza kwa kumsikiliza yeye.

Siti alifariki Julai 8, 1950. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amezungumza na Shaaban Robert, ambaye baadaye aliandika wasifu wake. Na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipotafuta jina la jarida lake, kiliamua kuliita Sauti ya Siti.